Kumtambua Bruce Lee bandia: namna ya kuzijua, kuzichagua na kuzitunza filamu za waigaji wake

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32. Alikuwa amekamilisha filamu nne tu za kung fu kama stelingi, na ya tano ilibaki vipandevipande. Wasambazaji walikuwa na wateja dunia nzima wanaodai picha mpya, na mwenyewe hayupo tena. Kilichofuata, kuanzia 1974 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni filamu kwa makumi zilizopigwa Hong Kong, Taiwan na Korea Kusini kwa pesa za mawazo, kila moja ikiwa na kijana mwenye nywele zile, miwani ile na yowe lile. Nyingi zilifika hata kwenye mabanda ya video ya kwetu, na si ajabu kumkuta mtu mzima anayeapa kwamba aliona kwa macho yake picha ya Bruce Lee akipigana kuzimu. Hajadanganya. Picha hiyo ipo, ila aliyemo si Bruce Lee.

Mwongozo huu ni wa mwenye kanda, diski au faili mkononi na anataka kujua hasa ameshika nini. Kanuni inayotawala kazi yote ni moja: kava, jina la filamu na jina la mwigizaji vilitengenezwa ili kukupoteza, kwa hiyo ushahidi utafute ndani ya picha yenyewe.

Andaa daftari na kompyuta yenye programu ya VLC. Katika VLC, herufi E husogeza picha fremu moja kila unapoibonyeza, na alama ya [ hupunguza mwendo. Vitufe hivyo viwili vitakusaidia kuliko kava lolote.

Hatua ya 1: Shika orodha ya za kweli

Huwezi kujua bandia kama hujui halisi. Filamu nne alizozikamilisha ni The Big Boss (1971), Fist of Fury (1972), The Way of the Dragon (1972) na Enter the Dragon (1973). Ya tano ni Game of Death, aliyoipiga kwa sehemu mwaka 1972 kisha akaiweka kando ili aende kwenye Enter the Dragon. Ile iliyotoka 1978 ilikamilishwa na watu wengine, na tutairudia kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote.

Balaa la kwanza liko hapahapa kwenye za kweli. Marekani zilibandikwa majina mengine: The Big Boss iliitwa Fists of Fury, Fist of Fury ikaitwa The Chinese Connection, na The Way of the Dragon ikawa Return of the Dragon. Ukiona kanda imeandikwa Fist au Fists of Fury, angalia kama hiyo herufi s ipo. Kama ipo, humo mna kiwanda cha barafu cha Thailand. Kama haipo, mna chuo cha kung fu cha Shanghai. Usiitupe kwenye fungu la bandia kwa sababu tu jina halimo katika orodha uliyoikariri.

Kuna pia vitu vya katikati. Vipindi vya televisheni vya The Green Hornet vya 1966 na 1967, ambamo Bruce Lee alikuwa Kato, viliunganishwa baada ya kifo chake vikauzwa kama filamu mwaka 1974, kisha tena 1976 kwa jina Fury of the Dragon. Aliyemo ni yeye kweli, lakini si stelingi, na hakuna filamu iliyotengenezwa hapo. Ziweke fungu la peke yake.

Hatua ya 2: Soma jina la mwigizaji herufi kwa herufi

Wasambazaji waliandika Bruce kwa herufi kubwa na kinachofuata kwa herufi za kujificha. Hawa ndio utakaokutana nao mara kwa mara:

Bruce Li ni Ho Chung-tao wa Taiwan. Ndiye mwigizaji hasa kati yao. Haigi kupita kiasi, na filamu zake ndizo zenye hadithi inayoeleweka.

Bruce Le ni Huang Kin-lung, mzaliwa wa Burma, aliyepitia studio za Shaw Brothers. Yumo katika The Super Inframan ya 1975 kabla hajabatizwa jina jipya. Huyu huiga kila kitu: kujifuta pua kwa kidole gumba, kutikisa shingo, yowe la paka. Alifika hadi Ulaya, na katika filamu ya kutisha ya Kihispania iitwayo Pieces (1982) anatokea ghafla kama mwalimu wa kung fu, anamshambulia mtu bila sababu, kisha anaondoka.

Dragon Lee ni Mkorea. Misuli imejaa, uso haukai mahali pamoja, na hatoi ngumi kabla ya kujitanua kifua.

Bruce Leung, mahali pengine Bruce Liang, ni fundi wa mateke na ana jina lake mwenyewe nje ya biashara hii. Wengi wa kizazi cha sasa wanamjua kama yule mzee mwenye kandambili katika Kung Fu Hustle ya 2004.

Tang Lung ni Kim Tai-chung, Mkorea mwingine. Jina hilo ni la mhusika aliyechezwa na Bruce Lee katika The Way of the Dragon. Yaani walimvika hata jina la mtu wa kubuni.

Baada ya hao wanakuja Bruce Lai, Bruce Thai na wengineo waliotokea mara moja mbili wakapotea. Ukikuta jina lenye Bruce ambalo halimo hapa, liandike kama lilivyo. Usijaribu kulisahihisha, kwa sababu kosa la tahajia mara nyingi ndilo linalokuonyesha toleo la nchi gani.

Hatua ya 3: Simamisha picha kwenye maandishi ya mwanzo

Filamu moja inaweza kuwa na majina matatu ya Kiingereza. New Game of Death ya 1975, ya Bruce Li, iliuzwa pia kama Goodbye Bruce Lee: His Last Game of Death. Exit the Dragon, Enter the Tiger (1976) iliitwa pia Bruce Lee: The Star of Stars. The Dragon Lives Again (1977) iliitwa pia Deadly Hands of Kung Fu. Mkusanyaji asiyejua hili hununua filamu ileile mara tatu.

Kwa hiyo acha kava, fungua picha, isimamishe pale majina yanapoanza. Kama maandishi ya Kichina hayajakatwa, tafuta jina la stelingi. Bruce Lee huandikwa 李小龍. Hapa pana mtego: Bruce Leung ni 梁小龍 na Bruce Le ni 呂小龍. Herufi mbili za mwisho ni zilezile kwa wote watatu, kwa hiyo tazama ya kwanza tu. Bruce Li yeye habebi hizo, ameandikwa 何宗道. Huhitaji kujua Kichina kwa kazi hii, linganisha maumbo tu.

Jina la mwongozaji liandike lakini usiliamini moja kwa moja. Filamu kadhaa za Dragon Lee zilipigwa Korea, zikanunuliwa na kampuni ya Hong Kong, zikaingizwa sauti ya Kiingereza na kuwekewa jina la Godfrey Ho kama mwongozaji. Ukiona Godfrey Ho, andika pembeni "huenda ya Kikorea" kisha angalia mandhari: theluji, mahekalu ya paa la Kikorea, wapiganaji wanaotumia miguu zaidi ya mikono.

Sauti pia si ushahidi. Filamu hizi zilipigwa bila sauti, na Kiingereza chake kiliingizwa Hong Kong na kikundi kidogo cha watu walewale, ndiyo maana adui wa filamu hii ana sauti ya babu wa filamu ile. Muziki ndio usiseme. Ulichotwa kwenye sinema za Ulaya na Marekani bila kuomba ruhusa.

Hatua ya 4: Kagua vipande vya kuazima

Hapa ndipo kitufe cha E kinapofanya kazi. Mtengenezaji mwenye pesa kidogo alikuwa na njia mbili za kumweka Bruce Lee wa kweli kwenye filamu yake: kuchota picha kutoka filamu za zamani, au kutumia picha halisi za mazishi. Dalili za kipande kilichoazimwa ni hizi: rangi inabadilika ghafla, chembechembe za filamu zinakuwa kubwa zaidi, nguo hazifanani na sekunde iliyopita, na anayeonekana uso hayupo fremu moja na anayezungumza naye.

Chukua Game of Death ya 1978 ufanyie mazoezi. Iliongozwa na Robert Clouse, yule wa Enter the Dragon, na mapigano yakapangwa na Sammo Hung. Bruce Lee anaonekana akipigana kwa dakika kumi na kitu tu, mwishoni, ndani ya ovaroli ya njano yenye mstari mweusi, dhidi ya Dan Inosanto, Ji Han-jae na Kareem Abdul-Jabbar. Kabla ya hapo ni Kim Tai-chung, na pale panapohitaji sarakasi ni Yuen Biao. Hadithi yenyewe imetungwa kuficha jambo hilo: stelingi anapigwa risasi usoni, anajifanya amekufa, basi ana sababu ya kuvaa bandeji, ndevu na miwani myeusi. Pambano la pikipiki linafanyika wote wakiwa na helmeti kichwani.

Kisha nenda mapema kabisa, pale stelingi amekaa mbele ya kioo katika chumba cha kubadilishia nguo. Simamisha. Mwili unasogea kidogo lakini uso haubadiliki hata chembe, na ukingo wa kidevu haukutani na kola. Ni picha ya uso wa Bruce Lee iliyobandikwa juu ya kioo, na mtu mwingine amekaa chini yake. Ukishaliona hilo mara moja, jicho lako limeanza kufunzwa.

Filamu hiyohiyo ina picha za mazishi halisi ya Hong Kong, na utazikuta tena katika filamu za waigaji. Zikionekana haimaanishi kwamba filamu ni ya maisha yake. Zilikuwa bidhaa ya kuchomeka tu. Vivyo hivyo, Tower of Death ya 1981, inayoitwa pia Game of Death II, inatumia mabaki ya Enter the Dragon kumfanya Bruce Lee azungumze dakika chache, kisha mhusika wake anauawa, na baada ya hapo Kim Tai-chung ndiye anashika usukani. Ukitaka kujua Bruce Lee mwenyewe alikusudia nini kwenye mnara wa mapigano wa Game of Death, tafuta dokumentari ya John Little ya mwaka 2000, Bruce Lee: A Warrior's Journey, iliyopanga upya picha alizopiga 1972.

Kwa mapigano yasiyo na uso, kuna dalili moja ya mwili. Bruce Lee mara nyingi husimama mkono na mguu wa kulia vikiwa mbele. Waigaji waliofunzwa mitindo mingine husahau hilo pambano linapokolea, na hurudi kwenye msimamo waliozoea. Kasi usiitumie kupima. Kamera iliyopigwa kwa fremu 20 au 22 kwa sekunde, kisha ikaonyeshwa kwa 24, humfanya mtu yeyote aonekane umeme. Utaijua kwa kutazama watu wa nyuma: wanatembea kama wamechelewa basi.

Hatua ya 5: Iweke kwenye fungu lake

Aina ni chache. Kuna za maisha yake, ambazo bora yake ni Bruce Lee: The Man, The Myth (1976) ya Ng See-yuen, Bruce Li ameitendea haki, na mwishoni zinaonyeshwa nadharia kadhaa za kifo badala ya kulazimisha moja. Upande wa pili wa aina hii kuna Bruce Lee and I (1976) ya Shaw Brothers, ambamo Betty Ting Pei, ambaye Bruce Lee alifia katika fleti yake, anajicheza mwenyewe na Danny Lee anamcheza Bruce. Inaweza kukukwaza, na una haki ya kukwazika.

Kuna za mwendelezo. Fist of Fury iliisha kwa Chen Zhen, mhusika wa Bruce Lee, kuruka kuelekea bunduki na picha kuganda. Fist of Fury II (1977) inamleta Bruce Li kama ndugu yake aliyekuja kulipa kisasi, na adui ni Lo Lieh. Katika kundi hili weka pia New Fist of Fury (1976), ambamo mwongozaji Lo Wei alijaribu kumfanya kijana mmoja mcheshi awe Bruce Lee mpya. Haikufaulu. Kijana huyo ni Jackie Chan, na alipata njia yake alipoacha kuiga.

Kuna za mnara: kila ghorofa adui mmoja, juu kabisa siri. New Game of Death ilitoka 1975, miaka mitatu kabla ya ile rasmi kukamilika, kwa hiyo nakala ilitangulia sokoni mbele ya kitu kilichonakiliwa. Enter the Game of Death (1978) ya Bruce Le ni ya fungu hili, ikiwa na Bolo Yeung, ambaye baada ya Enter the Dragon alionekana katika filamu nyingi za waigaji hadi uso wake ukawa kama muhuri.

Kisha za wazimu, na sisi tunazipenda hizi kuliko zote. The Dragon Lives Again ndiyo ile ya kuzimu: Bruce Leung anaamka ahera na kukuta James Bond, Dracula, Zatoichi na Godfather wanataka kupindua serikali ya huko, na upande wake anasaidiwa na Popeye, aliyechezwa na Eric Tsang. The Clones of Bruce Lee (1980) inawaweka Bruce Le, Dragon Lee na Bruce Lai pamoja, wote wakiwa wamezalishwa na mwanasayansi kutokana na mwili wa marehemu. Ni filamu mbovu, lakini kwa kujifunza kutofautisha sura haina mpinzani kwa sababu wanasimama fremu moja.

Fungu la mwisho ni za kubandikwa. Bruce Lee Fights Back from the Grave ni filamu ya Kikorea kuhusu mtu aliyekwenda Marekani kuchunguza kifo cha jamaa yake. Msambazaji wa Marekani alitanguliza kipande cha sekunde chache: radi inapiga kaburi lenye jina la Bruce Lee, mtu anaruka kutoka ndani. Basi. Kuanzia hapo hadi mwisho Bruce Lee hatajwi tena. Stelingi, Jun Chong, aliandikwa Bruce K.L. Lea. The Real Bruce Lee nayo inaanza na vipande halisi vya filamu alizocheza utotoni Hong Kong, ukishatulia inakugeuzia Dragon Lee hadi mwisho.

Hatua ya 6: Panga utazamaji

Usianze na The Clones of Bruce Lee. Utacheka nusu saa kisha utachoka. Anza na Fist of Fury ya kweli, na siku ya pili weka Fist of Fury II. Tatu, Bruce Lee: The Man, The Myth. Nne, Dynamo (1978), ambamo Bruce Li ni dereva wa teksi anayegeuzwa nyota na wafanyabiashara wa sinema. Ni biashara hii ikijieleza yenyewe. Tano, The Dragon Lives Again. Clones ije mwisho, ukiwa tayari unamjua kila mmoja kwa sura. Ukitaka kuwasikia wenyewe wakizungumza wakiwa wazee, tazama dokumentari ya David Gregory, Enter the Clones of Bruce (2023).

Hatua ya 7: Chagua nakala

Filamu nyingi za aina hii zilipigwa kwa picha pana, uwiano wa 2.35 kwa 1. Zilipohamishiwa kwenye video ya skrini ya mraba, uwiano wa 1.33 kwa 1, karibu asilimia 43 ya upana ilikatwa. Ndiyo sababu kwenye kanda nyingi unaona teke linatoka pembeni halina mwenyewe, au watu wawili wanaongea na kinachoonekana ni pua mbili kwenye kingo. Ukiwa na nakala mbili, chagua yenye mistari myeusi juu na chini, hata kama rangi zake zimefifia. Angalia pia watu wasiwe wembamba na warefu kupita kawaida: hiyo ni picha pana iliyobanwa, na VLC huirekebisha kwa kubonyeza A hadi uwiano ukae sawa.

Dakika ni kipimo kingine, ila fanya hesabu kwanza. Nakala ya mfumo wa video wa PAL, tuliokuwa tukiutumia Afrika Mashariki, huenda kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Filamu ya dakika 90 itaonyesha dakika 86 na sekunde 24, na hakuna kilichokatwa. Ikionyesha 78, hapo kuna kitu kimeondolewa. Kwa VCD, diski moja hubeba dakika 74 hadi 80, kwa hiyo filamu hugawiwa diski mbili. Kabla hujalipa, hakikisha diski ya pili ni ya filamu hiyohiyo. Wauzaji huchanganya, na pambano la mwisho liko humo.

Nakala zilizopitishwa kwenye programu za akili bandia za kukuza picha ziepuke. Programu hizo hubuni macho na pua pale ambapo picha haikuwa wazi. Katika fani hii sura ndiyo ushahidi, na hapo umeshaupoteza.

Hatua ya 8: Kuokoa kanda ya zamani

Kanda za VHS zilizobaki pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, zina adui mkubwa, ukungu. Fungua mfuniko wa mbele wa kanda kwa kubonyeza kitufe kidogo cha pembeni, mulika tochi kupitia dirisha la juu. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za tepu, usiitie kwenye deki. Itachafua vichwa, na kila kanda itakayofuata itaambukizwa. Itie kwenye mfuko wa peke yake wenye vifuko vya kukaushia unyevu mpaka utakapompata fundi wa kuisafisha.

Kanda iliyo safi, fuata mpangilio huu. Vunja kwanza kile kibati cha plastiki cha mgongoni ili deki isiweze kurekodi juu yake. Kama ilikuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache nje saa kadhaa. Unyevu ukigandamana juu ya ngoma ya vichwa, tepu inanasa. Ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, bila kuicheza, ili mkazo wa tepu ulingane. Ndipo uicheze.

Picha ikiwa na chenga za mstari mmoja usioondoka, sogeza kitufe cha trakingi kidogokidogo. Zikibaki, safisha vichwa: spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa cha ngozi laini. Usitumie pamba, nyuzi zake hunasa. Shikilia kitambaa kimya kwenye ngoma na uizungushe ngoma yenyewe kwa kidole kutoka juu. Ukisugua kwenda juu na chini, kichwa kinavunjika na deki ndiyo imekwisha. Picha ikiviringika au kukosa rangi, huenda kanda ni ya mfumo wa NTSC kutoka Marekani au Japani. Inahitaji deki ya mifumo yote.

Kwa kunasa kwenye kompyuta, weka 720 kwa 576, fremu 25, na uhifadhi kwanza kwa muundo wa DV, ambayo hula karibu GB 13 kwa saa. Filamu ya dakika 90 itahitaji takriban GB 20. Baadaye ndiyo utengeneze faili dogo la kutazama. Ukisimamisha picha yenye mwendo na kuona ukingo wa mkono umekatika kama meno ya chanuo, tumia programu ya HandBrake, kichujio cha Yadif kwa hali ya Bob, ili upate fremu 50 kwa sekunde. Ukichagua hali ya kawaida utapata 25, na mapigano ya kasi yatapoteza nusu ya mwendo.

Vifaa vya bei rahisi vya kunasa huangusha fremu, na sauti huanza kuachana na picha taratibu. Kuliangalia hilo katika filamu hizi kuna shida yake: midomo haikulingana na maneno tangu mwanzo. Usipime kwa midomo. Tafuta ngumi, mlango unaofungwa au sahani inayovunjika, dakika ya tano na dakika ya themanini. Kama mwanzoni mlio uko pamoja na ngumi na mwishoni unachelewa, nasa upya.

Kuna kanda zenye sauti ya mtafsiri, wale mabingwa wa kusimulia picha kwa Kiswahili kama Lufufu wa Dar es Salaam, na DJ Afro wa Kenya aliyekuja baadaye. Hizo zitangulize kuliko zote. Filamu yenyewe utaipata kwingine ikiwa safi zaidi, ila masimulizi yale huenda yamebaki kwenye kanda hiyo tu. Kabla ya kunasa, tafuta kwenye deki swichi ya kuchagua sauti ya Hi-Fi au ya kawaida, na usikilize zote mbili. Deki za kuongezea sauti huandika kwenye mkondo wa kawaida tu. Inawezekana Kiswahili kiko huku na Kiingereza kiko kule. Nasa mara mbili. Na usikisafishe kwa programu za kuondoa kelele, maana programu hizo zinaweza kuiharibu sauti ya mtu iliyo juu ya mlio wa ngumi.

Hatua ya 9: Andika

Kila filamu ipewe mstari mmoja wenye: jina lililoko kwenye kava, jina lililoko kwenye picha, stelingi uliyemtambua kwa sura, fungu, dakika, mfumo, uwiano wa picha, na kilichoazimwa. Mfano:

Kava: Bruce Lee Fights Back from the Grave. Kwenye picha: jina hilohilo. Stelingi: Jun Chong, ameandikwa Bruce K.L. Lea. Fungu: ya kubandikwa, Kikorea. Uwiano: umekatwa. Kilichoazimwa: kipande cha kaburi mwanzoni, kimeongezwa na msambazaji.

Usiyoitambua, piga picha tatu za skrini: maandishi ya mwanzo, uso wa stelingi akiwa hajavaa miwani, na uso wa adui wa mwisho. Picha ya adui ndiyo hutegua kitendawili mara nyingi, kwa sababu maadui hawakubadilishwa majina ili wafanane na mtu, na orodha za filamu walizocheza zimeandikwa vizuri zaidi. Ikiwa adui ni Bolo Yeung, pole: umepunguza utafutaji hadi filamu nyingi sana, basi rudi kwenye uso wa stelingi.